Jina la Mtoto Halitangazwi

Kazini walimwita Madam. Ndugu zake walimwita Bi Utaratibu, tena nyuma ya mgongo wake, maana mbele yake nani angethubutu? Alikuwa msimamizi wa ghala la vifaa vya umeme. Humo kila swichi ina rafu yake, kila balbu ina lebo yake, na ole wake mfanyakazi atakayeweka soketi mahali pa plagi. Kwa hiyo Mama yake mzazi alipoanza kusahausahau, Bi Utaratibu hakulia wala hakushika tama. Alinunua lebo.

Alibandika nyumba nzima ya Mama. Kopo la sukari: SUKARI. Mlango wa choo: CHOO. Ukutani juu ya jiko: JE, UMEZIMA? Kwenye kioo cha bafuni akabandika HUYU NI WEWE, na hapo, tuseme ukweli, alivuka mpaka. Mama alisimama mbele ya kioo, akasoma, akajitazama kushoto na kulia, akasema, "Afadhali umeniambia. Nilidhani ni shangazi yako kaja bila taarifa." Mama alikuwa anasahau, jamani, hakuwa mjinga. Siku hiyohiyo Bi Utaratibu alipita madukani, akashangaa watu wanavyomchekea njia nzima. Alipofika kwake mumewe akambandua lebo mgongoni: JE, UMEZIMA?

Zamani Mama alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli. Alikaa kwenye kibanda cha vioo mbele ya kipaza sauti, akiwaambia abiria treni ipi inaingia, ipi imechelewa, na mzigo wa nani umeachwa kwenye benchi. Sauti yake mji mzima uliijua. Kuna wanaume waliokosa treni makusudi ili wamsikie tena, au ndivyo alivyodai mwenyewe, na marehemu Baba hakupata kubisha kwa sababu alikuwa mmoja wao. Majina ya wajukuu yalikuwa yameanza kumtoka, lakini sauti ile haikuwa imepata hata doa la kutu. "Abiria wa chai," alikuwa akitangaza kutoka jikoni, "chai yenu imechelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Mpishi hakuwasha jiko." Wajukuu walivunjika mbavu. Bi Utaratibu hakucheka. Alitafuta mahali pa kubandika lebo nyingine.

Kazi ile ilikuwa na kanuni zake za mtoto aliyepotea, na Mama alizileta nyumbani akazihubiri kama dini. Jina la mtoto halitangazwi, maana mtu mbaya naye ana masikio. Akilisikia ataliita, na mtoto atamfuata. Anayekuja kumchukua mtoto hapewi hivihivi, sharti ataje jambo moja ambalo halikutangazwa. Na yule aliyepotelewa na mtoto hasogei, anakaa palepale, kwa sababu mtoto akirudi atarudi pale.

Bi Utaratibu alizijua kanuni hizo kuliko alivyopenda, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kutangazwa. Alikuwa na miaka sita, shule zimefungwa, Mama kampeleka kazini kwake. Mara, mtoto hayupo. Mama alitangaza mpaka sauti ikakauka. Mwisho akakutwa chumba cha mizigo, nyuma ya magunia ya barua, ametulia tuli, wala hana hata chozi. Walimwuliza alikuwa anafanya nini humo, akanyamaza. Mama alikisimulia kisa hicho kwenye kila sherehe, mbele ya wakwe, hata mbele ya bosi wa ghala, na kila aliposimulia binti yake alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sasa mambo yalikuwa yamefika pabaya. Bi Utaratibu alikuwa ameitisha kikao cha Jumapili, na ajenda ilikuwa moja tu: Mama ahamishiwe kituo cha wazee, na nyumba yake ifungwe. Mama alishasema, "Kwangu nitatoka siku ya kubebwa." Kitinda, mdogo wao wa mwisho, fundi wa kuchomelea mageti, alimtetea, lakini Kitinda alitetea kama anavyochomelea, cheche nyingi na baadaye moshi. Wa Kati aliishi mbali, na mchango wake wote katika kumtunza Mama ulikuwa kutuma dole gumba kwenye kundi la simu la familia. Ukiandika Mama ana homa, dole gumba. Ukiandika Mama amepona, dole gumba.

"Mdogo wangu, nisikilize," Bi Utaratibu alimwambia Kitinda. "Mtu asiyekumbuka kitu alikiacha wapi, huyo haachwi peke yake. Habari imeishia hapo."

Kilichobaki kilikuwa kipimo cha kumbukumbu hospitali. Daktari angemwuliza Mama leo siku gani, mwezi gani, arudie maneno, achore saa. Na kwa kuwa hapa hatupakani mafuta kwa mgongo wa chupa, tuseme: Bi Utaratibu aliomba moyoni Mama afeli. Afeli vizuri, ili Jumapili kikao kiwe kifupi.

Asubuhi ya kipimo alimfunga Mama mkononi bangili ya plastiki aliyoiandika mwenyewe kwa wino usiofutika: NIKIPOTEA, PIGA NAMBA HII. Kisha akafungua mkoba wa Mama, akachukua funguo za nyumba, akazitia kwenye mkoba wake.

"Hizo zangu," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama. Nakutunzia."

"Nani kakwambia zimechoka kukaa kwangu?"

Wakaenda hospitali. Bi Utaratibu akamkalisha kwenye benchi mbele ya mlango wa kliniki, akampangia mtandio vizuri, akamwambia, "Kaa hapa. Usisogee. Kitinda anakuja, leo ni zamu yake."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Nina mkutano, Mama. Nakuja sasa hivi."

Zamu, bwana, zilikuwa na ratiba yenye rangi, na ratiba aliitengeneza nani kama si yeye? Kijani Kitinda, nyekundu yeye. Akiwa anatembea kuelekea kwenye gari akaandika kwenye kundi: "Mama yuko benchi la kliniki. Kitinda, njoo umchukue." Simu ikalia mlio mmoja wa jibu. Hakuitazama. Angeitazama angeona dole gumba la Wa Kati. Kitinda alikuwa na barakoa ya chuma usoni, simu yake iko kwenye koti, na koti liko kwenye msumari upande wa pili wa karakana.

Mkutano ulikuwa mkubwa. Wakurugenzi wamekuja na suti zao kusikiliza ni vipi ghala moja limeweza kukaa bila upotevu wakati mengine yanavuja kama chujio. Bi Utaratibu alisimama mbele yao, miwani inang'aa. "Siri ni moja," alisema. "Ukikiweka kitu, ujue umekiweka wapi, na ujue nani amekipokea. Kwangu mimi hakuna kinachopotea." Simu ikatetemeka mezani. Namba ngeni. Hao watu wa bima, akawaza, akaigeuza kifudifudi. Ikatetemeka tena. Na tena. Ilitetemeka mpaka ikaanza kutembea yenyewe kuelekea ukingoni mwa meza, na mkurugenzi mmoja akaisogeza kwa adabu ili isianguke. Walipomaliza wakampigia makofi, wakamvika kilemba cha ukoka, wakampeleka kula chakula cha mchana. Akala, akanywa na juisi.

Alasiri Kitinda akapiga.

"Dada, shikamoo. Kipimo kimesemaje?"

"Marahaba. Unaniuliza mimi tena? Si wewe ndiye uliye naye?"

"Mimi? Mimi niko kazini. Leo zamu yako."

"Kitinda, usinichezee. Leo ni kijani."

"Ilikuwa kijani. Wiki iliyopita ukanibadilisha mwenyewe, ukasema nimshike Mama siku ile ili uende kwenye harusi ya mtoto wa bosi wako, na leo utakaa naye wewe. Dada, si uliniapia kabisa?"

Ni kweli. Aliapa. Harusi alikwenda, alicheza, na keki akala. Ratiba hakuibadilisha.

"Dada?" Kitinda akaita. "Dada, Mama yuko wapi?"

Akili ikamruka. Aliitupia simu mkobani bila kuikata, akaacha mkoba wa kompyuta, akaacha mlango wa ofisi bila kuufunga, yeye ambaye hufunga hata droo ya klipu. Kwenye gari alichomeka ufunguo wa ghala badala ya ufunguo wa gari. Alijitukana kwa maneno ambayo, angeyasema mfanyakazi wake, angemfukuza palepale. Mchana kutwa! Mama kakaa mchana kutwa kwenye benchi la mbao, na yeye anakula kuku kwa uma.

Alikuta geti la hospitali limefungwa, na mlinzi amesimama kama mtu aliyekabidhiwa nchi.

"Kuingia ruhusa, mama," mlinzi akasema. "Kutoka ndiyo hakuna, mpaka mtoto apatikane."

"Mtoto gani?"

"Hujui? Hospitali nzima tunamtafuta. Hebu sikiliza."

Vipaza sauti vya ukutani vikakwaruza. Kisha ikaja sauti, taratibu, safi, kila neno limesimama peke yake, sauti ambayo Bi Utaratibu aliijua kabla ya kujua kutembea.

"Tahadhari. Tahadhari. Ndugu wagonjwa pamoja na mliowasindikiza. Anatafutwa mtoto wa kike, umri wake miaka sita. Amevaa gauni la kijani lenye mfuko mmoja. Kiatu chake cha kushoto hakina kishikizo. Huongea sana, na hupenda kuwaelekeza watu wazima. Atakayemwona tafadhali asimkaripie. Hujifanya hana woga, lakini anao. Narudia."

Bi Utaratibu alishika nondo za geti. Gauni lile alilijua. Mfuko ulikuwa mmoja kwa sababu wa pili aliung'oa mwenyewe, akidai fundi hakuushona sawa na mwenzake. Alitaka kucheka, na badala yake akaingia ndani karibu anakimbia.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa. Watu hawaondoki, wamenogewa. Dada wa mapokezi alikuwa amesimama nje ya kibanda chake mwenyewe, mikono kiunoni, na ndani ya kioo, mbele ya kipaza sauti, mtandio mabegani na bangili ya plastiki mkononi, amekaa Mama.

"Wewe ndiye mwenye namba hii ya kwenye bangili?" dada wa mapokezi akamwuliza, akimwonyesha simu. "Tumekupigia mpaka simu yetu imepata moto. Mbona hupokei?"

"Nilikuwa... nilikuwa kwenye mkutano."

"Haya, hongera. Mwenzio hakusogea pale kwenye benchi tangu umwache. Daktari alitoka mwenyewe kumwita, akakataa. Anasema, mwanangu akirudi asinikute, ataniona wapi? Tukampa chai, akaishika mpaka ikapoa. Mchana akaanza kulia, eti mwanawe wa miaka sita kapotea. Sasa mimi roho ikaniuma, nikatangaza mtoto. Tumetafuta mpaka vyooni! Daktari wa meno kachungulia chini ya kiti chake. Aliponisikia natangaza ndipo akainuka, akaja akanigonga begani. 'Binti,' ananiambia, 'hapo unatangaza mtoto au unanadi vitunguu? Sogea.' Nikasogea. Wewe ungebaki?"

Bi Utaratibu akasogea kwenye kioo, akainama kwenye kile kitundu cha kuongelea.

"Mama."

Mama akainua kidole bila kumtazama. "Bibie, kuna dharura. Kama ni dawa, dirisha la pili."

"Mama, ni mimi. Huyo mtoto ni mimi."

Mama akamtazama, kuanzia viatu hadi miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwanangu ana miaka sita," akasema. "Wewe una kitambi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye mguu wa plasta alicheka mpaka akaomba ashikiwe fimbo. Uso wa Bi Utaratibu ukawaka moto, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuishi duniani, akafungua mkoba akatoa kitambulisho, akakibandika kwenye kioo. Akataja tarehe ya kuzaliwa. Akataja jina la Baba, na kazi ya Baba, na mtaa waliokaa.

"Hayo yameandikwa," Mama akasema. "Mwizi naye kaenda shule. Kanuni ni kanuni, bibie. Taja jambo ambalo sikulitangaza, au nipishe nifanye kazi."

Kanuni ni kanuni. Ndivyo yeye mwenyewe alivyowaambia wafanyakazi wa ghala kila walipomwomba ruhusa ya msiba. Watu wakasogea karibu, wanangoja. Akasimama pale na miwani yake na kitambulisho chake, na alikuwa nacho cha kusema. Ila hakuwahi kukisema, kwa Mama wala kwa mtu yeyote.

"Hakupotea," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Alijificha. Chumba cha mizigo, nyuma ya magunia ya barua. Na alikuwa anakusikia. Tangu tangazo la kwanza alikuwa anakusikia."

Mama akaondoa mkono kwenye kitufe cha kipaza sauti. "Ananisikia?"

"Anakusikia, Mama."

"Natangaza mpaka nakauka koo, ananisikia, na haji?"

"Kila siku ulikuwa unatafuta mizigo ya watu na watoto wa watu. Alitaka na yeye atafutwe." Akakitoa kitambulisho kwenye kioo. "Alipenda ulivyokuwa unamsema. Alitaka uendelee."

Hakuna aliyecheka sasa. Mzee wa plasta aliangalia sakafu. Mama alimtazama binti yake kupitia kioo, na uso wake ukawa unakuja na kwenda, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani.

"Na leo?" akauliza. "Leo pia ulinisikia?"

Bi Utaratibu akaiona simu ile ikitembea juu ya meza, kifudifudi, mbele ya wakurugenzi. Angeweza kudanganya. Mama angeamini, na kesho angekuwa amesahau yote, benchi na chai na kulia, na hakuna mtu duniani ambaye angemdai neno.

"Nilisikia, Mama. Simu ililia sana. Niliigeuza. Nisamehe, Mama yangu. Nilikusahau."

Mama akashusha pumzi ndefu. Akabonyeza kitufe.

"Tahadhari. Mtoto amepatikana, mzima. Tunawashukuru nyote. Fungueni geti."

Watu wakapiga makofi, dada wa mapokezi akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Mama akatoka kwenye kibanda, akamkamata binti yake kifundo cha mkono, akamkaza kama unavyomkaza mtoto mtundu sokoni, akamburuta nje. Bi Utaratibu alimfuata, akichechemea kwa kisigino cha kiatu kilicholegea.

Kwenye gari Mama hakumwachia. Simu ikawa inalia mfululizo: Kitinda kwenye kundi, Mama yuko wapi, Dada jibu, kipimo kimesemaje. Bi Utaratibu akaandika kwa mkono uliobaki huru: "Yuko nami. Zamu ilikuwa yangu, nilimsahau hospitali kutwa nzima. Kipimo hakikufanyika. Kikao cha Jumapili hakuna." Jibu la kwanza lilikuwa dole gumba la Wa Kati.

"Tunakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Nyumbani."

"Kwa nani?"

"Kwako, Mama. Nitahamia mimi. Mume wangu atakuja na sufuria zake akipenda."

"Lebo zako usije nazo."

"Siji nazo."

Akatoa funguo kwenye mkoba wake, akampa. Mama akazikagua moja moja, akazitia kifuani, na ndipo akamwachia mkono. Lakini alimwachia kidogo tu. Akaivua ile bangili ya plastiki, akavuta tena mkono wa binti yake, akamfunga, na ikamtosha vizuri.

"Hii vaa wewe," akasema. "Wewe ndiye unayepotea. Mimi nimechoka kutafuta." Akaisoma bangili, akikunja uso. "Namba hii ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Basi ikilia, pokea."